Kazi ya Jua Kali Haifungiwi Ndani

Ukishuka matatu karibu na kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, huna haja ya kuuliza Kamukunji iko wapi. Sikio litakupeleka. Nyundo mamia zinagonga bati kwa wakati mmoja, kila moja na mwendo wake, na katika vurumai hiyo yanazaliwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko na toroli. Mafundi hawa walifanya kazi wakichomwa na jua miaka mingi hadi Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 na kuagiza wajengewe mapaa. Mapaa yalikuja, lakini jina la jua kali halikuondoka. Leo hata fundi anayefanya kazi kivulini huitwa wa jua kali.

Jina hilo lina somo ndani yake. Ninayemsimulia hapa alilisikia maisha yake yote asilitilie maanani, mpaka lilipomlaza kitandani Jumamosi tatu.

Jina lake tuliache. Ni mhasibu, ofisi yake iko katikati ya jiji na nyumba yake Lavington, katika ua mmoja wenye nyumba nane. Miaka kumi na minne ya kujumlisha fedha za watu wengine ilimtia hamu ya kushika kitu alichokitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Usiku alikuwa akitazama video za watu wa Marekani wakifua visu, na moyoni akijiambia kwamba uhunzi uko damuni mwake, kwa kuwa babu wa babu yake alikuwa mhunzi Murang'a. Hamu hiyo haikuwa na ubaya wowote. Wakikuyu walimheshimu mhunzi, na laana yake waliiogopa kuliko laana ya mtu wa kawaida. Ila ufundi wenyewe haukupitia damuni. Ulipitia mikononi: kijana alikaa kando ya moto wa mkubwa wake, akivuta mivukuto, muda mrefu kabla ya kukabidhiwa nyundo.

Mhasibu alifika Kamukunji Jumamosi moja asubuhi kununua nyundo na koleo. Mzee aliyemuuzia alimtaka arudie kila sentensi mara mbili, maana kelele za miaka arobaini zilikuwa zimemla masikio.

"Karakana utaiweka wapi, kijana wangu?"

"Nyumbani, mzee. Kwenye geraji."

"Geraji ina madirisha mangapi?"

Mhasibu akacheka. "Ni geraji, mzee. Ina mlango."

Mzee hakucheka. Alimwambia aje Jumamosi tatu, akae, avute hewa ya moto, ashike koleo, na hatamtoza chochote. Mhasibu alishukuru kwa adabu, akalipa, akaondoka. Jumamosi tatu aliziona ni nyingi mno kwa mtu aliyekwisha kutazama video mia mbili.

Tusimwonee. Katika ununuzi alikuwa mwangalifu. Jiliwa na greinda alivitafuta Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan. Mtu mmoja alipomnong'oneza kwamba ana kipande cha reli kinachofaa sana kwa fuawe, alikataa papo hapo. Alikumbuka Januari 2022, milingoti ya umeme ilipoanguka Imara Daima na nchi nzima ikaingia gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta, akitaka kukomesha uharibifu wa miundombinu, akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu hadi Mei. Alijua pia kwamba tangu mwaka 2015 kuna sheria ya vyuma chakavu, na kwamba chuma kisicho na asili ya kueleweka kinaweza kumpeleka mtu kortini. Kwa hiyo alinunua Kangemi, kwa risiti, kipande kinene cha ekseli ya lori kiwe fuawe, na mabamba ya springi ya kufulia visu.

Kwa chuma cha kununua aliuliza kilikotoka. Kwa chuma cha bure hakuuliza neno. Nyuma ya nyumba palikuwa na vipande vya bomba la maji vilivyosalia tangi lilipobadilishwa, vyenye rangi ya fedha. Akaviweka kando: vitafaa kwa kinara cha mishumaa.

Tanuri alilitengeneza kwa rimu ya gurudumu iliyokandikwa udongo wa mfinyanzi. Mivukuto ilikuwa draya ya nywele ya mkewe. Jumamosi ya kwanza aliwasha mkaa saa nne asubuhi, akafungua mlango wa geraji, akaanza kugonga springi. Hakumaliza nusu saa. Katika nyumba ya pili mlikuwa na mtoto mchanga, na mama yake aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ua ule maneno machache yaliyotosha. Msimamizi akaja kubisha.

Hapo ndipo kisa kilipogeukia. Mhasibu angeweza kutembea hatua thelathini, akabisha hodi, akasema pole mama, tuelewane. Aibu ilimshika. Aliona ni afadhali afanye kazi pasipo mtu kujua. Akahamishia uhunzi wake usiku, akafunga mlango wa geraji, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi kuukuu. Kugonga aliacha, maana alijua kanuni za kelele za mwaka 2009 zinabana zaidi usiku. Angepasha chuma moto tu na kukisokota kwenye jiliwa. Kazi ya kimya.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai mnaijua. Chumba kilichofungwa, mkaa unaowaka, joto tamu. Baada ya saa moja kichwa kilianza kumgonga. Akadhani ni njaa, akala ndizi. Kumbe ni ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua familia zinazolala na jiko ndani msimu wa baridi. Alinusurika kwa sababu alitoka kwenda kufuata hizo ndizi, akauacha mlango wazi kwa dakika kadhaa.

Aliporudi alitia bomba motoni. Moto ukabadilika, ukawa mweupe wenye kijani kwa mbali. Moshi mweupe mzito ukapanda, na vinyuzi vyepesi kama pamba vikaelea hewani na kutua mabegani mwake. Aliona ni uzuri ambao hakuwahi kuuona katika video yoyote. Akatoa simu akaupiga picha.

Saa saba usiku alianza kutetemeka. Blanketi mbili hazikumsaidia. Homa ilipanda, kiu haikukatika, na mdomoni alikuwa na ladha kama ya mtu aliyenyonya sarafu. Wiki iliyotangulia alikuwa Kisumu kikazi, basi akahukumu kuwa ni malaria. Asubuhi alipimwa, isionekane. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani. "Mimi ni mhasibu," akajibu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli tupu, na halikumsaidia daktari hata kidogo. Homa ilishuka yenyewe kabla ya siku ya pili kwisha, mgonjwa akarudi ofisini, na Jumamosi akarudi kwenye bomba lake. Homa ikarudi. Jumamosi ya tatu, meno yakigongana gizani, ni mkewe aliyeinuka, akawasha taa, akamtazama.

"Malaria gani hii inayojua kalenda? Kesho kutwa utakuwa mzima. Uliza hiyo geraji yako."

Alirudi Kamukunji akiwa na picha yake kwenye simu. Mzee aliitazama mara moja tu. "Umechoma zinki," akasema.

Bomba la maji lenye rangi ya fedha, pamoja na bati la paa na chuma cha mlingoti wa umeme, hupakwa zinki lisishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na huchemka kwenye nyuzi 907. Chuma kinachofaa kufuliwa kinatakiwa kifike karibu nyuzi 1,000 au zaidi. Maana yake, kabla chuma hakijalainika, zinki imekwisha kuwa moshi, na moshi huo ukivutwa huleta homa ya mafusho ya metali. Haianzi hapo hapo. Husubiri saa kadhaa, mtu akiwa amekwisha oga na kulala, ndipo ije ikijifanya malaria au mafua. Anayeuvuta kila siku mwili wake huuzoea kidogo; akipumzika siku mbili, mazoea hayo hupotea. Ndiyo maana mtu wa Jumamosi kwa Jumamosi hupigwa upya kila mara. Na mafusho yakizidi, huweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu usioondoka wenyewe.

Mhasibu akauliza kuhusu maziwa, maana alisikia mafundi wa kuchomelea huyanywa kuondoa sumu. Mzee akaweka nyundo chini. "Maziwa huenda tumboni. Moshi huenda mapafuni. Watakutana wapi?"

Kisha akaonyesha kwa koleo pande zote nne, mahali ambapo hapakuwa na ukuta. "Watu husema tunakaa nje kwa umaskini. Ni kweli. Lakini umaskini huo umeniachia mapafu. Masikio ndiyo sikuyalinda, na unaona unavyonipigia kelele."

Mimi sisemi jua kali ni pepo. Mafundi wengi pale wanafanya kazi bila miwani, na vidole vilivyopotea havina idadi ninayoijua. Ninachosema ni kwamba mhasibu alitwaa kazi ambayo hata jina lake linataja jua, akaifungia chumbani usiku kwa kuogopa mazungumzo na jirani. Mazungumzo yenyewe alipoyafanya hatimaye yalichukua dakika kumi. Mtoto hulala saa nne hadi saa sita mchana. Nyundo ikianza saa nane na kuisha saa kumi, hakuna anayeumia. Mama wa nyumba ya pili aliagiza ndoano mbili za kutundikia sufuria.

Nawe msomaji, kama hamu hii imekuingia, usiizime. Anza na jirani, kisha hewa, kisha chuma, na moto uwe wa mwisho. Tanuri likae nje au chini ya paa lisilo na kuta, juu ya udongo au mchanga, maana saruji ikipata joto kali hupasuka na kurusha vipande; jiwe na tofali lenye maji ndani hufanya vivyo hivyo. Chuma cha rangi ya fedha, kilichopakwa kromu au chenye rangi ya zamani usikitie motoni. Bomba lililozibwa ncha zote mbili ni bomu. Vaa pamba au ngozi, kwa kuwa nailoni huyeyukia mwilini. Vaa miwani, ziba masikio, weka karibu ndoo ya maji na ya mchanga. Sumaku ndogo iwe mwalimu wako: chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, nawe unaanza kuijua rangi ya joto bila kubahatisha. Ukiugua, mweleze daktari ulichokifanya Jumamosi, usiishie kumtajia cheo cha Jumatatu.

Na kabla ya hayo yote, nenda ukakae na fundi. Mhasibu alizitoa zile Jumamosi tatu alizozikataa mwanzoni. Tofauti ni kwamba alikuwa amekwisha lipia nyingine tatu kwa homa.

Mlango wa geraji aliung'oa. Ni wa mbao ngumu, na sasa ndio meza aliyofungia jiliwa. Zana zake huzifungia usiku ndani ya sanduku la bati la Kamukunji.