Kiapo ni Deni la Nani?

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Wakanena tena kwamba damu ni nzito kuliko maji. Kauli hizi mbili hukaa kwa amani katika kinywa kimoja hadi siku mtu atakapovishwa sare, akaapishwa kwa jina la mfalme asiyesema lugha yake, kisha akaamriwa amwelekezee bunduki ndugu wa lugha yake. Siku hiyo deni na damu hugombana, naye aliye kati hana wa kumwamua.

Mgogoro huo umepata makao mapya katika michezo ya vita ya kompyuta, hasa ile ibuniyo historia isiyopata kutokea. Mathalani, katika mchezo uitwao Kaiserreich, uliojengwa juu ya Hearts of Iron, Ujerumani ndiyo iliyoshinda Vita vya Kwanza vya Dunia, na dola ya Austria, ambayo kwa hakika ilisambaratika mwaka 1918, ingali hai katika miaka ya 1930. Mchezaji hukabidhiwa dola yenye mataifa mengi ndani yake, akaachiwa aamue hatima yao. Katika michezo ya aina hii utiifu wa watu aghalabu huwa ni tarakimu: hupanda, hushuka, na ikishuka mno jeshi hupasuka. Kabila huonekana kama ufa uliokwisha chorwa ukutani, ukingoja tetemeko tu. Ni dhana inayovutia kwa wepesi wake. Linalofaa kuulizwa ni iwapo dhana hiyo ina kweli, na iwapo ina haki.

Jibu halina haja ya kubuniwa, kwani jeshi lenyewe lilikuwapo. Mwaka 1914 Kaisari Franz Joseph alipoingia vitani, katika kila askari wake 100 takriban 25 walikuwa Wajerumani, 23 Wahungaria, 13 Wacheki, 9 Waserbia na Wakroatia, 8 Wapolandi, 8 Waukraine, 7 Waromania, 4 Waslovakia, 2 Waslovenia na mmoja Mwitaliano. Maneno ya kuamrishia yalikuwa ya Kijerumani, yapata 80 tu: simama, geuka, piga. Yaliyobaki yote yalisemwa kwa lugha za askari wenyewe. Lugha iliyosemwa na moja ya tano ya askari ilikuwa lugha halali ya rejimenti, na afisa alipewa miaka mitatu ajifunze. Rejimenti za Bosnia zilivaa tarbushi, na maimamu wa kijeshi walifuatana na askari Waislamu.

Hao Wabosnia ni hoja peke yao. Nchi yao ilikaliwa na Austria mwaka 1878, baada ya wazee wao kuipinga kwa silaha. Lau damu na kisasi ndivyo vipimo, wao wangekuwa wa kwanza kuasi. Kinyume chake, walihesabiwa miongoni mwa askari thabiti kabisa wa Kaisari. Hapana anayeweza kudai kwamba kila mmoja wao alipenda vita vile. Lakini mtu aliyeachiwa dini yake, lugha yake na vazi lake huona kwamba yule anayemdai naye amelipa kitu. Mkono mtupu haulambwi.

Sasa itazamwe rejimenti ya 28 ya Praha. Tarehe 3 Aprili 1915, katika milima ya Carpathian, sehemu kubwa ya askari wake Wacheki iliangukia mikononi mwa Warusi. Makamanda walisema wamejisalimisha kwa hiari, kwa kuwa Wacheki na Warusi ni Waslavu. Kaisari akaivunja rejimenti kwa fedheha. Wazalendo wa Kicheki nao, walipopata nchi yao, waliikumbatia hadithi ile ile, ila walichoita makamanda usaliti wao wakakiita ushujaa. Utafiti uliofanywa baadaye katika nyaraka za kijeshi umeonyesha mambo mengine: askari wapya wasiofunzwa vya kutosha, uchovu wa majira ya baridi, na uongozi mbovu. Na wenzao wa rejimenti hiyo waliopelekwa upande wa Italia walipigana vyema, hata jina lake likarudishwa.

Hapa ndipo penye uzito. Hadithi ya kabila liasilo iliwafaa pande zote mbili: jemadari aliyeshindwa alipata wa kumlaumu, na taifa jipya likapata masimulizi ya kuzaliwa kwake. Asiyefaidika ni askari mwenyewe, aliyekuwa na njaa na baridi, akageuzwa ishara ya jambo ambalo huenda hakulifikiri. Tena shuku ina tabia ya kuzaa kile inachokiogopa. Anayetazamwa kila asubuhi kama msaliti wa kesho hufika mahali akajiuliza anakilinda nini.

Haimaanishi kwamba mgawanyiko wa nyoyo haukuwapo. Julai 1917, huko Zborov, Wacheki waliojiunga na jeshi la Urusi walipambana na rejimenti za 35 na 75 za Kaisari, ambazo nazo zilijaa Wacheki. Kila upande ulikuwa na kiapo, na kila upande ulikuwa na damu ile ile. Mwaka mmoja kabla yake, Cesare Battisti, Mwitaliano wa Trento na mbunge katika bunge la Vienna, alikamatwa akiwa katika sare ya Italia, akanyongwa katika mji wake mwenyewe. Kwa Vienna alikuwa msaliti, na kwa Roma shahidi. Na Svetozar Boroević, mtoto wa Waserbia wa Kroatia aliyepanda hadi cheo cha jemadari mkuu, hakukivunja kiapo chake hata siku moja. Dola aliyoiapia ilipokufa, nchi mpya ya Waslavu wa kusini ilikataa kumpokea, akafariki mwaka 1920 huko Klagenfurt katika ufukara. Aliyeasi aliuawa, na aliyetii akakosa kwao.

Vita vile vile vilifika Afrika ya Mashariki. Askari wa Kiafrika chini ya Wajerumani na wenzao wa King's African Rifles waliweza kusikilizana kwa Kiswahili, na baadhi ya waliotekwa upande wa Wajerumani waliandikishwa upande wa Waingereza. Kuwaita wasaliti ni kusahau kwamba hakuna aliyewauliza mpaka upitie wapi. Na deni lilikuwa la nani? Ilikuwa katika miaka ya 1960 ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipowalipa askari wazee waliosalia, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo kosa la tarakimu ya mchezo si kule kudhani kwamba nyoyo hugawanyika, maana kweli hugawanyika. Kosa ni kuiweka sababu ndani ya damu, ilhali imo ndani ya kiapo. Kiapo ni deni, na deni halina mdaiwa bila ya mdai. Dola imdaiyo mtu uhai wake nayo inadaiwa: imjue kwa lugha yake, imlishe, imwongoze kwa akili, isimtie shaka kwa jina la babu yake. Ikishindwa kulipa, haina haki ya kushangaa. Na askari avunjaye kiapo naye hasafishwi na ushindi wa bendera aliyoikimbilia. Atahukumiwa kwa alilolijua, kwa alichoahidi, na kwa mwenzake aliyemwacha handakini.

Mchezo ukiisha, kompyuta huzimwa na majeshi yote hufufuka kesho yake. Waliolala Zborov, wa pande zote mbili, hawakufufuka, na mama zao waliwalilia kwa lugha moja.