Uwanja Mtupu Katika Mji

Je, mji waweza kumfundisha mtu ubaya, hata kama hakuna aliyemfundisha kwa kinywa? Tuangalie Lubumbashi.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Elisabethville. Mnamo miaka ya 1920 watu weusi walitengewa mtaa wao, ndio Kamalondo ya leo. Kati yao na nyumba za wazungu uliachwa uwanja mtupu, mamia ya meta. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: asiruke kutoka kwa mweusi mwenye malaria mpaka kwa mzungu. Tusiwaonee, mbu wa malaria huuma usiku kweli. Lakini sababu ni kitu kimoja, na mafundisho ya uwanja ule ni kitu kingine. Boyi aliuvuka kila asubuhi, akapika, akafua, akalea mtoto wa bwana, jioni akarudi. Mtoto yule alikua akimpenda boyi wake, wala hakujua alilala wapi, wala kama naye ana watoto. Hakuna aliyemdanganya. Hakuona tu.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Na hata leo mtu wa Katuba akienda katikati husema, “Naenda ville,” kana kwamba kwake si mjini.

Na sisi je? Mgonjwa wa jirani akituita, twakimbia. Akituita wa ng'ambo, twasema njia ina matope. Ni kweli, ina matope. Lakini mwaka huu mzima hatujaenda hata wakati wa kiangazi.