Jina la Aliyezikwa Ugenini

Je, marehemu ana haki gani juu yetu tulio hai? Swali hili humjia mtu afikapo Nakivale, makazi ya wakimbizi yasiyo mbali sana na mji wa Mbarara. Tangu yaanzishwe mwishoni mwa miaka ya 1950, yamewapokea Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, Wasomali na wengineo. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Mbarara. Akifariki, matanga hukaliwa ugenini, naye huzikwa mbali na makaburi ya wazee wake.

Vita navyo huwazika watu ugenini. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wengi waliotoka Uingereza na ndege za mabomu waliangukia nchi za watu. Aliyepatikana alizikwa, akaandikiwa jina. Hata askari wa anga wasio na kaburi, zaidi ya 20,000, majina yao yamechongwa katika ukumbusho wa Runnymede, uliozinduliwa mwaka 1953.

Wapagazi wetu wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakutendewa hivyo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, malaria na kuhara damu, wakiwabebea wakubwa risasi na vyakula. Wengi wao hawakuandikwa jina popote. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliungama kosa hilo na kuomba radhi. Kilichobaki vinywani mwetu ni neno Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi chao.

Wapo watakaosema kwamba neno hilo latosha, kwani wahenga walinena: kifo cha wengi harusi. La hasha! Methali hiyo humliwaza aliyebaki, kwa kuwa huzuni ikigawanywa hupungua. Kifo chenyewe hakigawanyiki. Kila mpagazi alikufa peke yake, na kila mmoja alikuwa na mama aliyemngoja. Jina la wote si jina la yeyote.

Wengine watasema kwamba kukumbuka ni kazi ya jamaa. Lakini jamaa wako mbali, na pengine njia imefungwa. Hapo wajibu humwangukia jirani wa kaburi. Askari wa Afrika Mashariki waliozikwa Taukkyan, nchini Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, makaburi yao hufyekewa nyasi na watu wasiowajua. Wao wametutunzia amana yetu. Yatupasa nasi tutunze za wenzetu.

Kwa hiyo sisi walimu tusidharau kalamu tuliyo nayo. Mwanafunzi ajuaye kuandika na aandike jina la jirani aliyezikwa karibu, kwa matamshi ya kwao, pamoja na kijiji alikotoka. Siku ndugu yake atakapofika kutoka Kongo au Burundi, apatikane wa kumwambia: yuko hapa, na jina lake ni hili.