Unga Unaotunza Moto: Je, Mwenye Kusoma Ana Hatia?



Vijana wetu wa shule ya ufundi wametuletea swali, na tumeona si vema kulijibu njiani tu. Wanauliza: mtu anayesoma, ambaye hajashika bunduki hata siku moja, je, anaweza kudaiwa damu?

Mfano wao ni huu. Katika iniversite za Marekani na Uingereza kuna wanafunzi wa doktora ambao masomo yao yanalipwa na pesa za ulinzi wa inchi. Wanatumia masini inayotandika unga wa madini, tabaka nyembamba kuliko karatasi, kisha mwangaza mkali wa leza unayeyusha mahali panapotakiwa. Tabaka juu ya tabaka, kitu kinasimama bila nyundo wala kalibu. Ufundi wenyewe hatuulaumu. Kwa njia hiyo wagonjwa wanapata viungo vya nyonga vya titani, na meno ya kobalti, madini ambayo udongo wetu wa Katanga unayo mengi.

Lakini wanafunzi hao wanatafuta jambo lingine. Nikeli na aluminiumu zikichanganywa zinakaa pamoja kimya. Zikipigwa kwa nguvu ao zikipashwa moto sana, zinashikana kwa ghafula na kutoa joto la kupita digri 1,500. Ganda la bombe la chuma cha kawaida linapasuka vipande. Ganda la mchanganyiko huu, vipande vyenyewe vinawaka. Taabu ni kwamba leza nayo ni moto. Ikizidi kidogo, nguvu yote inaisha ndani ya masini, na kinachobaki ni chuma kilichokufa. Mwanafunzi anamaliza miaka akitafuta namna ya kuunganisha bila kuamsha. Tuangalie vizuri: kazi yake yote ni kutunza hasira ya madini mpaka saa ya kupiga.

Wengine wanasema moto haujui kazi utakayopewa. Ni kweli. Mwaka 1895, katika Ujerumani, Hans Goldschmidt alipata haki ya ufundi wa kuwasha unga wa aluminiumu pamoja na kutu ya chuma. Mafundi wakaunganisha reli kwa moto huo, na hata leo wanaunganisha. Katika vita ya pili ya dunia moto ule ule ulitiwa ndani ya bombe za kuchoma miji. Jibu hili linamfaa mwenye kutafuta njia ya reli. Halimfai yule ambaye kusudi limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa mapatano yake.

Baba zetu walichimba Shinkolobwe. Uraniamu ya pale iliingia katika bombe iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Nani aliwaambia mawe yanakwenda wapi? Hakuna. Hatuwezi kuwahesabu sawa na mwenye kuambiwa mbele.

Tena hatusemi kila mwenye kutengeneza silaha ni mwuaji. Mama aliyekimbia usiku na watoto huko Mashariki hawezi kumcheka anayetaka jeshi la kumlinda. Hata hivyo silaha inauzwa, inaibwa, inabadili mikono, na aliyeitengeneza hachagui mkono wa mwisho. Basi na aulize: nalinda nani, juu ya adui gani, na sababu ikiisha nitafanya nini?

Joseph Rotblat, mzaliwa wa Polandi, aliuliza. Aliingia katika kazi ya bombe ya atomu kwa kuogopa kwamba Hitler ataipata wa kwanza. Mwisho wa 1944 alipojua kwamba Wajerumani hawaitengenezi, aliacha kazi Los Alamos. Wenzake waliendelea, na bombe ikatoka. Yeye alirudi Uingereza, akatia ujuzi wake katika kazi ya mionzi ya hospitali, na miaka 50 baadaye, 1995, akapewa zawadi ya Nobel ya amani.