Picha Ni Amana ya Nani?

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hufika Karatu, kisha huendelea mpaka lango la Lodware, unapoanza msitu wa ukingo wa Ngorongoro. Ni vigumu kutaja barabara nyingine katika Tanzania inayopitiwa na kamera nyingi kuliko hiyo. Wageni huja kutazama faru na simba, hupiga picha zao, hurudi makwao. Lakini wako wachache wasiorudi upesi. Hukaa miaka, hufanya kazi hospitalini, shuleni au katika biashara ya utalii, na katika kukaa huko hutokea mmoja wao akaomba kulea mtoto asiye na wa kumlea. Wako na Watanzania waliofanya vivyo hivyo, wala hao si wa kusahauliwa, maana aghalabu kuasili husimuliwa kana kwamba ni wema wa wageni peke yao.

Watu hao, wageni kwa wenyeji, hupiga picha pia. Hupiga picha ya siku ya kwanza waliyomwona mtoto, ya siku ya mahakama, ya jino la kwanza, ya safari ya kushuka kreta mtoto akiwa amepakatwa. Huhifadhi sauti na mwendo katika video. Hukusudia kwamba mtoto akikua aione njia aliyoijia. Kusudi hilo ni jema. Lakini wema wa kusudi haujibu swali la haki. Je, picha hizo ni mali ya aliyezipiga, au ni mali ya aliyepigwa, au ni amana ambayo mmoja amemshikia mwingine?

Kuasili si jambo la siku moja. Sheria ya Mtoto iliyotungwa Tanzania Bara mwaka 2009 ilimtaka asiye raia awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo, awe amemlea mtoto kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii, na iwe imethibitika kwamba mtoto hakuweza kupata malezi ya kufaa katika nchi yake mwenyewe. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kila hatua ina karatasi yake, na karatasi zote hizo, zikijumlishwa, husema neno moja: tangu siku hii mtoto huyu ni wa watu hawa. Hazisemi ni nani aliyembeba kabla ya siku hiyo, alibembelezwa kwa lugha gani, wala alilia kwa nini alipovuka mlango. Hayo yasiyosemwa na karatasi ndiyo yanayotafutwa na picha.

Mtoto aliyekulia kwa waliomzaa hana haja kubwa ya picha za utoto wake. Anao mashahidi. Bibi atamwambia kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, usiku, mvua ikinyesha, na kwamba shangazi ndiye aliyekwenda kumwita mkunga. Mjomba atamcheka kwa namna alivyokuwa akitambaa kinyumenyume. Habari hizo husemwa mara nyingi hata yeye mwenyewe hudhani anazikumbuka. Mtoto aliyeasiliwa hupungukiwa na mashahidi hao, hasa akichukuliwa mbali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo, na haki ya kuhifadhiwa utambulisho wake. Mzazi anayetunza picha, basi, hafanyi anasa. Anafanya kazi ya bibi.

Tatizo ni kwamba bibi alikuwapo, na mpiga picha alichelewa kufika. Picha ya kwanza katika kitabu cha picha cha mtoto aliyeasiliwa kwa kawaida ni picha ya kukutana kwake na wazazi wapya. Kabla yake hapana kitu. Mtoto akifungua kitabu hicho huona kwamba ulimwengu wake ulianza siku ambayo mtu mwenye kamera aliingia mlangoni, akiwa tayari na umri wa miezi kumi, au miaka miwili, amevaa nguo aliyovishwa na mtu asiyeonekana. Mtu huyo asiyeonekana ndiye kitendawili. Nani alimvisha? Nani alimnyoa? Mkono ule unaomshika begani, uliokatwa na ukingo wa picha, ni wa nani? Picha haidanganyi katika ilichokionyesha, lakini mtu huweza kudanganyika kwa ilichokiacha nje.

Hapo Ngorongoro penyewe pana mfano mkongwe wa jambo hili. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, kundi la Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka 3,600,000 hivi iliyopita. Nyayo zimekwenda sambamba, kubwa kwa ndogo, kwa urefu wa mita 27 hivi. Kila atazamaye huona jamaa: baba, mama, pengine na mtoto. Katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History mjini New York walitengenezwa viumbe wawili wakienda, mume amemwekea mke mkono begani. Mkono huo haumo katika majivu. Majivu yalihifadhi uzito wa mwili, urefu wa hatua na mahali kisigino kilipozama. Hayakuhifadhi ni nani alikuwa nani kwa nani. Undugu uliongezwa na watazamaji, kwa kuwa binadamu akiona wakubwa na wadogo wanakwenda pamoja hawezi kuvumilia wasiwe na ujamaa.

Kama watu wazima wenye elimu waliweka mkono begani pasipo ushahidi, mtoto aliyepewa kitabu cha picha kisicho na maneno atafanya nini? Ataweka mama mahali pasipo na mama, naye atakuwa malaika au mwovu, kwa kadiri ya hali ya moyo wake siku hiyo. Kwa hiyo nyuma ya kila picha hapana budi pawe na maandishi: siku, mahali, jina la mlezi wa zamu ikiwa ameridhia litajwe, na hasa yale yasiyojulikana yaandikwe kwamba hayajulikani. Mtoto wa Karatu aliyebembelezwa kwa Kiiraqw na mlezi wa Kiiraqw amestahili kuisikia sauti hiyo hata asipoielewa. Dakika moja ya mlezi akiimba jikoni ina thamani kuliko saa nzima ya keki na mishumaa.

Sauti, lakini, ina hatari yake. Picha isiyosema hungoja kufasiriwa. Video huja na tafsiri yake ndani. Katika video za namna hii husikika wazee na marafiki wakisema kwa furaha kwamba mtoto ana bahati, kwamba ameokolewa, kwamba angekuwa wapi leo. Wasemao hawana nia mbaya. Walakini mtoto atayasikia maneno hayo akiwa na miaka kumi na tano, na atafahamu kwamba tangu siku ya kwanza aliandikiwa deni. Mtoto wa kuzaliwa haambiwi kwamba ameokolewa kwa kulishwa uji. Uji ni haki yake, na akikataa kuosha vyombo hakuna amkumbushaye uji. Mwenzake, kila akinuna, ana video inayomshtaki. Shukrani iliyodaiwa kabla mtu hajajua kusema hugeuka kuwa kodi. Jambo hili ni baya zaidi kuliko picha iliyopotea, na halitengenezwi kwa kukata kipande cha ukanda, maana waliosema bado wanasema.

Picha pia hubadilika jamaa. Januari 1959 ndege iliyopakwa milia ya punda ilianguka baada ya kugongana na tai, na Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao, iliyoitwa Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilitolewa mwaka huo huo na kupata tuzo ya Oscar. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu na punda milia. Ulimwengu uliitazama hivyo, na mwaka huo huo Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikatengwa iwe eneo la watu, mifugo na wanyama pamoja. Mwaka 1978 Bernhard alimwoa mjane wa Michael na akawaasili wajukuu wake wawili. Basi filamu ambayo kwa wengine ni habari ya wanyama, na kwa wengine ni habari ya ardhi iliyowatoka, kwa watoto wawili ni picha ya baba aliyewazaa akirushwa angani na babu aliyekuja kuwa baba kwa sheria. Wala hakuna aliyeikusudia hivyo. Apigaye picha hajui anamrithisha nani.

Desturi za pande hizi zimelijibu swali la kusema au kunyamaza kwa njia zisizolingana. Miongoni mwa Wamaasai mke asiye na mtoto aweza kupewa mtoto na mke mwenziwe au na jamaa, naye akawa mtoto wa nyumba yake, na si adabu kuchimbua tumbo lililomzaa. Pwani mambo ni mengine: mafundisho ya Kiislamu, kwa kufuata Surat Al-Ahzab, humtaka aliyelelewa aitwe kwa jina la baba aliyemzaa, apate malezi yote pasipo kubadilishwa nasaba. Mmoja hufunika asili ili kulinda ujamaa mpya. Mwingine hutangaza asili ili isipotee. Lakini zote mbili zimesimama juu ya jambo moja lisilokuwapo kwa familia iliyohamia ng'ambo: kijiji kinachojua. Katika boma hapana haja ya kusema, kwa kuwa kila mtu mzima anajua. Pwani jina lenyewe husema. Ng'ambo, rangi ya ngozi husema kabla ya jina, na humwambia kila mpita njia, ila haimwambii mtoto chochote.

Ndipo hutokea wale wanaodhani kwamba kwa kuwa jambo halifichiki, afadhali lionyeshwe lote. Hutundika picha ukutani, huzituma kwa wafadhili, huzirusha katika simu, na kwa dakika chache uso wa mtoto aliyekuwa analia katika makao ya watoto huwa umeonwa na watu ambao hatawajua kamwe. Hajaulizwa, na hawezi kuulizwa. Mtoto wa Karatu kabla ya kuasiliwa alikwisha kupigwa picha na wageni wengi walioletwa kuwatazama yatima baada ya kutazama tembo. Je, nyumba yake mpya nayo iendeleze desturi hiyo?

Neno hifadhi linajulikana sana Ngorongoro, na si wote walipendao. Kwa mfugaji wa huko ni neno la ruhusa na katazo. Ni neno lililomwondolea jembe mwaka 1975, kilimo kilipopigwa marufuku. Hata hivyo Laetoli huonyesha maana yake nyingine. Nyayo zile zilipokwisha kupimwa na kutolewa nakala, zilifunikwa tena kwa mchanga na mawe, maana jua na mvua vingezimaliza. Nakala huonyeshwa, asili imelala chini. Na kufunika nako hakukutosha: mbegu za migunga zilikuwamo katika udongo wa kufunikia, miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea nyayo, hata katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa taasisi ya Getty wakalazimika kufukua, kuing'oa na kufunika upya. Kilichofichwa pasipo kutazamwa huharibika kwa njia yake. Familia iliyoweka kanda katika sanduku na kukaa kimya miaka ishirini, ikingoja siku ya kufaa, itakuta ukanda umeota ukungu na mtoto amekwisha kusikia habari kwa jirani.

Serikali yenyewe hutunza daftari mbili: moja ya watoto walioasiliwa, na kumbukumbu nyingine iunganishayo jina jipya na kuzaliwa kwa kwanza, isiyofunguliwa kwa kila atakaye. Hakuna asemaye kwamba daftari hiyo ya pili ni aibu. Imefungwa kwa kuwa ina mwenyewe. Picha zingewekwa hivyo hivyo: chache za kuonwa na wote, nyingine za nyumba, na nyingine, hasa za siku ya kilio, za mtoto peke yake, akizijua zilipo tangu alipoweza kuuliza.

Lakini mwenye amana aweza kuidai, na akiidai aweza kuichoma. Kijana wa miaka ishirini aweza kusema kwamba hataki mtu yeyote, hata mama aliyemlea, abaki na video ya siku ile. Mama atasema kwamba siku ile ilikuwa yake pia, ndiyo siku aliyokuwa mama. Naye hasemi uongo. Akitoa ukanda na kubakiza nakala kwa siri, amekhini amana. Akitoa vyote, amepoteza shahidi pekee wa saa hiyo. Na kama katika pembe ya picha yumo mwanamke aliyekuja kuaga, amejifunika kanga mpaka usoni, basi yuko mtu wa tatu mwenye haki, ambaye hakuna mmoja kati ya hao wawili aliyepewa idhini ya kusema kwa niaba yake.