Mapendo ya Amana

Mtu aliyeumizwa akipata mwenye kumsikiliza, moyo wake humshika huyo kwa nguvu. Humngoja kwa hamu, humkasirikia akichelewa, pengine humpenda kama baba, kama mama, hata kama mchumba. Basi twauliza: mapendo hayo ni ya nani? Na aliyeyapokea afanye nayo nini?

Neno hili latuhusu sisi wa Kirumba. Mwishoni mwa Juni 2024 vita vya M23 vilifika Kanyabayonga na kwetu, na watu wengi wakakimbia kwa njia ya Lubero na Butembo. Mjane au yatima hakimbii na mzigo wa nguo tu. Hukimbia pia na mapendo yaliyofiwa na mwenyewe. Akimpata mshauri mpole, humtwika yeye.

Tusimcheke. Kuambatana ni maumbile tuliyopewa na Mungu. Miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, aliwaangalia watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda. Aliona kwamba mtoto mwenye kumtumaini mama yake hutambaa mbali kidogo, hugeuka kumtazama, na akiogopa humrudia. Kwa kuwa anapo pa kurudia, huthubutu kwenda. Baadaye John Bowlby wa Uingereza alifundisha kwamba mshauri naye yampasa kuwa mahali pa namna hiyo. Basi, kusudi la kuambatana si kukaa mgongoni siku zote, bali kupata nguvu ya kutembea.

Lakini iko hatari. Sigmund Freud, mganga wa Vienna, aliandika mwaka 1915 kwamba mganga asidhani amependwa kwa ajili ya uzuri wake. Mgonjwa amehamishia kwake mapendo ya zamani, yaliyokuwa ya wengine. Kwa hiyo mganga asiyaitikie, wala asiyazime kwa ukali; amsaidie mgonjwa kuyatambua. Katika mambo mengi Freud hakupatana na Kanisa, lakini hapa alisema kweli.

Mapendo hayo ni amana. Jirani akikimbia vita akakuachia mbuzi wake, je, utamchinja kwa sababu yumo zizini mwako? Mwenye kula amana ni mwizi, hata kama iliwekwa mikononi mwake kwa hiari. Vivyo hivyo mshauri anayemtwaa mwanamke aliyekuja kulia kwake asijitetee kwamba alikubali. Lililokubali ni jeraha. Kanisa nalo laijua hatari hiyo: padri anayemshawishi mwenye kuungama atende dhambi ya amri ya sita, sheria yake humwadhibu.

Uko pia wizi wa siri. Mshauri hamgusi mtu, lakini afurahia kuhitajiwa, hata hapendi apone. Huyo ala amana kidogo kidogo. Yohane Mbatizaji hakuwa hivyo: wanafunzi wake walipomwacha wakamfuata Yesu, hakuwazuia.

Basi wewe uliyeumia, usione haya kwa kuwa moyo wako umeshika mahali. Sema wazi, upate kusaidiwa. Nawe unayesikiliza, uwe katekista, sista au mshauri, weka saa na mahali panapojulikana, usipokee zawadi za sirini, na moyo wako ukitikisika mwambie mkubwa wako mapema. Siku mtu huyo atakapokusalimu njiani tu, akaenda zake kwa watu wake, umshukuru Mungu: amana imemrudia mwenyewe.