Kitambi cha Mama

Mama alipofika miaka 52, fundi aliyekuwa akimshonea nguo tangu mimi niko darasa la tatu alimpima kiuno, akanyamaza, akampima tena. Uzito ulikuwa umepanda kidogo tu, lakini nyonga zilikuwa zimepungua na tumbo limejitokeza. Mimi, ati msomi wa familia, nikasema palepale mbele ya watu: "Mama, si upunguze chapati?" Mama akacheka. Fundi hakucheka.

Kumbe chapati zilikuwa zilezile. Msichana akibalehe, estrojeni huanza kupeleka mafuta kwenye nyonga, matako na mapaja, chini ya ngozi, akiba ambayo mwili huchota wakati wa kunyonyesha. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na mafuta hubadilisha njia: mengi zaidi hukaa tumboni, yakizunguka ini na utumbo. Mama hakuwa amefanya jambo lolote jipya. Alikuwa amefika umri, basi.

Na wanaume? Tangu ujana mafuta yao huelekea tumboni, na testosteroni ikipungua kwa umri, huzidi. Lakini mjomba wangu mwenye kitambi aliitwa mheshimiwa, akapewa kiti cha mbele harusini. Mama aliambiwa amejiachilia. Na aliyemwambia ni mimi.

Sasa, ni rahisi kusema kwamba kama ni homoni, hakuna wa kulaumiwa, tufunge mjadala. Mimi naona tukifunga hapo tunajipendelea. Nilipokuwa na miaka 19 nilisifiwa umbo, nikapokea sifa zote kana kwamba nyonga nilizichonga mwenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu, "Asante, lakini hiyo ni estrojeni." Kama Mama hana hatia ya tumbo lake, basi mimi pia sikustahili zile sifa. Hilo ndilo gumu kumeza.

Tena kuna jambo ambalo huruma peke yake haliwezi. Mwaka 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague, aliandika kwamba unene wa sehemu ya juu ya mwili ndio huandamana zaidi na kisukari na magonjwa ya mishipa, kuliko ule wa nyonga na mapaja. Kwa hivyo siwezi kumwambia Mama "wachana nalo" halafu nijiite mwema. Kutembea kunasaidia, chakula pia. Lakini mtu anaweza kubeba mzigo ambao hakujitwika, na wewe ukamsaidia bila kumuuliza kwanza aliutoa wapi. Miaka ile mimi nilianza na swali.

Siku hizi tunatembea pamoja jioni, na huwa ananiacha nyuma.

Mwezi uliopita nimetimiza miaka 47. Nilipeleka kitenge kwa fundi yuleyule, sasa anavaa miwani mizito. Akanipima kiuno, akanyamaza, akapima tena.

"Andika tu," nikamwambia.